Mashine imesema "kawaida", mke wake anasema pumzi zinakatika

BARUA

Shikamoo Daktari,

Mimi ni afisa tabibu katika hospitali moja huku Pemba, mwaka wa tatu kazini. Mwaka huu tumeletewa vifaa vya kupima usingizi vya kuvaa: kijimpira cha puani, mkanda wa kifua na kibano cha kidole. Mgonjwa anakwenda navyo nyumbani, analala navyo, asubuhi anarudisha. Tumeletewa pia saa mbili za mkononi zinazorekodi mwendo wa mtu usiku na mchana. Mafunzo yalikuwa asubuhi moja. Tukala chakula cha mchana, mtaalamu akawahi boti. Kazi ya kusoma majibu na kuandika ripoti nikapewa mimi, nadhani kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote na kompyuta siiogopi.

Mwezi uliopita kaja dereva wa gari ya abiria, miaka 48, mnene, presha iko juu. Aliyemleta ni mke wake. Kasema mumewe anakoroma mpaka majirani wanajua keshalala, halafu kimya, pumzi inakatika, "na mimi nakaa macho nangoja irudi." Siku moja gari iliacha njia ikasimama ndani ya mikarafuu. Alikuwa kasinzia. Hakuumia mtu.

Nikamvalisha vifaa. Asubuhi mashine ikatoa ukurasa wa kwanza: muda wa kurekodi saa 7, tangu 22:10 mpaka 05:10, matukio 28, AHI (mara za pumzi kukatika au kupungua kwa saa) 4, na neno moja kubwa, "kawaida". Nikaandika hivyohivyo: hana apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika usingizini. Nikatia saini, ukapigwa muhuri.

Wiki iliyofuata bingwa mmoja wa Unguja, aliyeombwa ushauri juu ya presha yake, akanipigia simu. Kaniuliza kama nimefungua kurasa nyingine. Sikuwa nimefungua. Nilipofungua nikaona mstari wa puani umenyooka tangu 01:10 mpaka asubuhi, na mstari wa oksijeni una menomeno usiku kucha. Ukurasa wa tatu umeandikwa ODI, ile ya oksijeni kushuka, 17. Sikuelewa vipi kitu kimoja kiwe 4 na chengine 17 kwa mtu yuleyule.

Dereva keshaikunja ile ripoti kaiweka mfukoni. Kila mkewe akimwambia kitu anaitoa: "Daktari kasema sina kitu." Mkuu wangu wa kitengo anasema tusiliamshe, ripoti ikishapigwa muhuri imeshatoka.

Na juu ya hayo, kuna mwalimu wa skuli, binti mdogo, kaletewa pete ya kupima usingizi na kaka yake aliyeko Muscat. Kanijia analia, pete imemwambia usingizi wake mzito ni dakika 38 tu. Nikakosa la kumwambia.

Naomba unifundishe kusoma na kuandika majibu haya. Na ile ripoti niirudishe au niiache?

Wako,
Nimechoshwa na Namba, Chake Chake

JIBU

Marahaba mwanangu.

Ya mwalimu tutayafika. Dereva kwanza, maana wewe na mimi tunaweza kungoja, yeye kesho baada ya sala ya alfajiri yuko barabarani na watu nyuma yake. Mpigie leo. Mwambie ripoti ina kasoro, kosa ni la kipimo na la aliyekisoma, na mpaka kirudiwe asishike usukani. Atakasirika, gari ndiyo riziki yake. Mwache akasirike, halafu zungumza na mkewe na huyo bingwa, mumtafutie njia ya haraka.

Ripoti irudishe. Usiichane ile ya mwanzo, iache ndani ya faili kama ilivyo. Andika nyengine yenye kichwa "Ripoti ya marekebisho", tarehe ya leo, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini. Mkuu wako akikataa, muombe akuandikie hayo maneno ya "tusiliamshe" kwa mkono wake. Kwa uzoefu wangu hapo ndipo watu hukumbuka kuwa marekebisho ni kitu cha kawaida kabisa katika hospitali.

Sasa tusome.

AHI ni hesabu ya kugawa. Juu yanakaa matukio, yaani mara ambazo hewa ilikatika au ilipungua kwa angalau sekunde 10. Chini zinakaa saa. Kwa mtu mzima, chini ya 5 huhesabiwa kawaida, 5 hadi chini ya 15 ni kiasi kidogo, 15 hadi chini ya 30 ni wastani, 30 na kuendelea ni kali. Mashine yako imechukua matukio 28 ikagawa kwa saa 7, ikapata 4. Lakini mstari wa pua ulikufa saa 7:10 usiku. Ulianza 4:10. Hewa imepimwa saa 3 tu, kwa hiyo gawa 28 kwa 3: unapata 9.3. Halafu muulize dereva alichukua muda gani kupata usingizi na nyaya zile mwilini. Tuseme anakwambia dakika 40. Mtu aliye macho hana apnia ya usingizi, basi zitoe hizo dakika. Zinabaki saa 2 na dakika 20, na 28 hiyohiyo inakuwa 12.

Usiku mmoja, matukio yaleyale, majibu matatu: 4, 9.3, 12. Hata moja katika hayo mimi siitii saini. Miongozo ya Marekani ya vipimo vya nyumbani inataka angalau saa 4 za mtiririko wa hewa na oksijeni unaosomeka vizuri. Wewe unazo 3. Zaidi ya hapo, saa ulizozipoteza ndizo zenye thamani. Usingizi wa ndoto, ule ambao macho yanachezacheza na misuli inalegea, hujaa zaidi sehemu ya mwisho ya usiku, na wagonjwa wengi pumzi huwakatika zaidi humo. Kijimpira kimetoka puani kabla shughuli haijaanza.

Ile 17 ndiyo iliyokuwa inakupigia hodi. ODI inahesabu mara ambazo oksijeni imeshuka kwa saa, na kibano cha kidole hakikutoka. Zidisha 17 kwa saa 7, unapata mishuko 119. Mtu gani ana mishuko 119 na matukio 28? Ukiona ODI imeipita AHI kwa mbali namna hiyo, kimbilia kwenye mstari wa hewa uangalie umekatika wapi. Angalia pia mpangilio wa mashine umehesabu mshuko wa asilimia 3 au wa 4, maana namba inabadilika, na kiandike kwenye ripoti. Wa 3 hutoa mishuko mingi zaidi. Nimeona watu wawili wakibishana juu ya mgonjwa mmoja kumbe mmoja anasoma 3 na mwenzake anasoma 4.

Macho yako yazoee umbo la mstari kabla ya namba. Apnia ya koo kuziba inasomeka hivi: mstari wa hewa unalala, mkanda wa kifua unaendelea kupanda na kushuka kwa sababu mtu anapigania pumzi, halafu hewa inarudi kwa kishindo, mapigo ya moyo yanaruka, na oksijeni inashuka ikiwa imechelewa kidogo, kwa sababu damu inachukua muda kutoka mapafuni kufika kidoleni. Halafu tena, na tena. Hayo ndiyo menomeno ya msumeno uliyoyaona. Kijimpira kilichotoka ni kitu chengine: mstari umelala moja kwa moja, kifua kinakwenda. Binadamu hakai saa 4 bila ya pumzi. Akikaa, anayehitajika si wewe. Na mshuko wa oksijeni unaoporomoka wima mpaka asilimia 60 huku mapigo yamepotea, huo ni kidole kimechezacheza. Uweke alama ya kasoro, usiuhesabu.

Kidole chenyewe kina mambo yake kwetu. Kibano kinapitisha mwanga kwenye ngozi na kucha. Piko nyeusi inaweza kuuzuia mwanga huo, na rangi ya kucha vilevile, kwa hiyo bi harusi aliyepambwa juzi usimbane kidole kilichochorwa. Tafuta kidole kisicho na kitu, au cha mguu kama kifaa kinaruhusu, na andika ulipoweka. Rangi ya ngozi nayo ina neno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba vibano hivi viliwakosa wagonjwa weusi wenye oksijeni ndogo karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Vilisoma juu kuliko damu ilivyo. Kwa hiyo oksijeni ya asilimia 91 kwa mgonjwa wetu isikutulize. Menomeno yanayojirudia yana uzito kuliko namba moja ya chini kabisa.

Nikuungamie kosa langu, usije ukadhani mimi nilizaliwa nayajua. Nilipoanza kutumia zile saa za mkononi za mwendo, nilimpa mama mmoja avae siku saba na daftari la kuandikia usingizi. Akaandika vizuri kabisa: nimelala saa 4, nimeamka saa 11. Mimi nikakaa kwenye kompyuta nikaingiza 04:00 hadi 11:00. Mashine ikatoa kwamba mama huyu analala kama saa moja tu, muda wote uliobaki yuko macho anahangaika. Nikamuandikia dawa. Aliporudi nikamuonesha grafu, akaiangalia kwa utaratibu akasema, "Mwanangu, saa hizo si nilikuwa nakuna nazi." Saa 4 ya usiku ni 22:00, saa 11 alfajiri ni 05:00. Dawa nikaifuta mbele yake.

Tangu hapo kila daftari ninaloligawa lina neno usiku, alfajiri, mchana, la kuzungushia duara, na kugeuza nageuza mwenyewe. Kuna mtego wa pili. Baadhi ya vifaa hutoka kiwandani vikiwa na saa ya dunia, UTC, nasi tuko mbele kwa saa 3. Usingizi wa saa 4 usiku utaandikwa 19:00, nawe utamshangaa mtu mzima anayelala baada ya magharibi. Kabla ya kumvalisha mgonjwa, weka kifaa mbele ya simu yako uone saa zinakubaliana.

Hizo saa za mkononi zisikupe maneno makubwa. Zinapima mwendo. Mtu akitulia zinasema kalala, akigeuka zinasema yuko macho. Mwenye kukosa usingizi anayelala chali kimya anahesabu boriti, saa itamuandikia usingizi mtamu. Ndiyo maana daftari lake lina haki sawa na grafu, na vikipingana andika kwamba vimepingana. Mvalishe wiki moja hadi mbili. Mvuvi wa dagaa mpe mbili kamili, maana katika giza yuko baharini na mbalamwezi ikiwaka yuko nyumbani. Wiki moja itakupa nusu ya mtu. Akilala chomboni, mawimbi yatasomeka kama kuhangaika. Ramadhani, usingizi wa kabla ya daku na wa baada yake viandike mbali mbali, usivijumlishe kimyakimya. Na wanaokwambia "jinamizi linanikaba", waulize kwa heshima linavyokuja, maana hakuna saa ya mkononi inayoliona.

Kabla ya kifaa chochote, maswali. Dodoso la Epworth la mwaka 1991 kutoka Australia lina maswali manane, jumla ni 24, na kupita 10 ni dalili kwamba usingizi wa mchana umezidi. Lakini lisome kwa akili. Moja linauliza kama unasinzia ukikaa baada ya chakula cha mchana bila ya kunywa pombe. Muulize hivyohivyo sheikh wa mtaa uone utakavyotolewa nje. Jengine linauliza kuhusu gari iliyosimama kwenye foleni dakika chache. Foleni ya Pemba ni ng'ombe watatu. Mimi humuuliza dereva: gari ikisimama kituoni inangoja abiria, kichwa kinaanguka? Nikibadilisha maneno naandika kwamba nimeyabadilisha. Dereva wako alipaswa kukutisha kabla hujamfunga mkanda: anakoroma, ameshuhudiwa pumzi zikikatika, ana presha, mnene, kasinzia kwenye usukani. Kwa mtu kama huyo kipimo cha nyumbani kikirudi "kawaida" kazi haijaisha. Mwongozo wa mwaka 2017 wa madaktari wa usingizi wa Marekani unasema apelekwe kwenye kipimo kamili kinachoangalia mpaka mawimbi ya ubongo. Vifaa vya nyumbani kama vyako haviyaoni, kwa hiyo hewa ikipungua na mtu akazinduka bila ya oksijeni kushuka, tukio hilo linapita bila ya kuhesabiwa. Kosa lake huelekea upande mmoja, wa kupunguza.

Ripoti ya faili iandike kwa lugha na fomu ya hospitali yenu. Yaliyomo yawe hivi:

"Kipimo cha usingizi cha nyumbani, usiku mmoja, 22:10 hadi 05:10 kwa saa za Afrika Mashariki. Mtiririko wa hewa puani umesomeka saa 3 za mwanzo. Baada ya 01:10 hausomeki. Oksijeni na mkanda wa kifua vimesomeka usiku wote. Katika saa 3 zenye mtiririko yamehesabiwa matukio 28. AHI ya 4 iliyotolewa na mashine imegawanywa kwa saa zote 7, isitumike. Oksijeni imeshuka kwa asilimia 3 au zaidi wastani wa mara 17 kwa saa, kwa mtindo unaojirudia hadi asubuhi. Kifaa hakipimi mawimbi ya ubongo, kwa hiyo muda halisi wa usingizi haujapimwa. Hitimisho: kipimo hakitoshi kuthibitisha wala kukanusha apnia ya usingizi. Dalili za mgonjwa pamoja na mstari wa oksijeni vinatia shaka kubwa. Ushauri: kipimo kamili, au kurudia hiki mara moja, kwa haraka, kwa kuwa mgonjwa ni dereva na ameshasinzia barabarani."

Ile 3 iweke 4 kama mpangilio wa mashine yako ndivyo ulivyo. Neno "hana" lifute katika kalamu yako. Unaweza kuandika "haikuonekana katika saa kadhaa zilizosomeka", na hapo kila atakayeisoma anajua umeangalia nini na hukuangalia nini. Karatasi ya mgonjwa mwenyewe iandike kwa Kiswahili cha nyumbani. Usimwambie apnia, mwambie pumzi kukatika usingizini. Hiyo karatasi ya mwanzo aliielewa neno moja tu, na neno hilo lilikuwa la mashine.

Namuelewa huyo mwalimu na pete yake. Usimcheke, na usiichukulie pete kama kipimo. Usingizi mzito unajulikana kwa mawimbi ya ubongo, macho na misuli ya kidevu. Pete inakisia kwa mapigo ya moyo na mwendo. Katika kukisia saa za kulala na kuamka huwa haiko mbali sana, katika kugawa usingizi mzito na mwepesi inapotea. Dakika 38 zake usiziandike kwenye faili kama ugonjwa. Tatizo hili la mtu kukosa usingizi kwa kuukimbiza usingizi mzuri wa kwenye simu lina jina tangu mwaka 2017, othosomnia, kwa hiyo hayuko peke yake. Mwambie aivue wiki mbili, aandike kwa penseli amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, mchana alikuwaje darasani. Halafu muulize yale ambayo pete haikumuuliza: huzuni, hofu, chai ya usiku, hedhi nzito, nani mgonjwa nyumbani. Pengine tatizo liko humo.

Kitu kimoja katika saa na pete za dukani usikidharau. Tangu mwaka 2024 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, imeziruhusu baadhi ya saa za Samsung na Apple kumtahadharisha mtu mzima kwamba huenda pumzi zinamkatika usingizini. Mgonjwa akikuletea tahadhari hiyo, mpime. Saa ikinyamaza, ukimya wake usiuandike popote.

Na mistari ya mgonjwa usiirushe kwenye kundi la WhatsApp na jina lake juu, kama nilivyoona kwa wengine. Kata jina, kata tarehe ya kuzaliwa, mtumie bingwa mmoja.

Dereva akija kurudia, kijimpira kibandike kwa plasta kwenye mashavu yote mawili, na umvalishe mbele ya mkewe ili aone kinavyokaa. Mama yule hulala macho hata hivyo. Kikitoka usiku atakirudisha, na aandike kilitoka saa ngapi, kwa saa zetu. Kugeuza ni kazi yako.